Mume wangu ana ugonjwa wa figo, na kila mtu nyumbani ana orodha yake ya vyakula

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mume wangu ana miaka 51, ni fundi seremala. Presha anayo miaka mingi, lakini vidonge alikuwa anameza akisikia kichwa kinamuuma. Kichwa kikitulia anavirudisha kabatini. Mwezi wa saba mwaka huu miguu ikaanza kumvimba, ikifika jioni viatu havimwingii. Tukaenda hospitali, akapimwa damu na mkojo, tukaambiwa figo zimepungua nguvu. Mwezi wa kumi tukarudia vipimo, daktari akasema sasa imethibitika, ni ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu b. Akamwandikia losatani na amlodipini, dawa za presha, akatuambia apunguze chumvi na awe makini na chakula, basi. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi.

Mama, chakula ndicho kilichonimaliza. Wifi yangu alituma orodha kwenye kundi la WhatsApp la familia: asile maharage, kunde, nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga za majani, ndizi, machungwa wala parachichi, na anywe maji lita tano kwa siku ili figo zisafike. Jirani anasema madafu kila asubuhi. Shemeji yangu kaleta unga wa miti kwenye chupa ya plastiki, anasema umeshaponya watu wengi, na mume wangu ameutumia kama wiki mbili. Mama mkwe tunaishi naye. Yeye anasema kumpikia mtu chakula kisicho na chumvi ni kumtesa, na nikitoka jikoni anaongeza. Achari yake ya birimbi haikosekani mezani.

Mimi nimeifuata ile orodha ya wifi. Mume wangu sasa anakula wali mweupe, bamia za kuchemsha, chai ya rangi na mkate. Alikuwa na kilo 76, sasa ana 70. Anachoka haraka, hata kushika randa anasema mkono hauna nguvu. Nasikia mchana anapita kijiweni kula chipsi na mishkaki, nikimuuliza anakuwa mkali. Mgongo ukimuuma ananunua diklofenaki duka la dawa.

Majibu yake ni haya. Mwezi wa saba kreatinini 182, eGFR, yaani ile namba ya nguvu ya figo, 38. Mwezi wa kumi kreatinini 171, eGFR 41, potasiamu 4.6. Mkojo una protini, wameandika alama mbili za kujumlisha. Sukari hana. Presha juzi ilikuwa 158 kwa 96. Wifi anasema umeona, orodha inafanya kazi. Shemeji anasema ni ule unga.

Napika sufuria mbili kila siku, ya kwake na ya nyumba nzima, na mwisho wa siku yeye hali na mkwe ananinunia. Ramadhani inakaribia na ameapa atafunga. Majirani wananiambia mtu wa figo mwisho wake ni kuchujwa damu. Mama, nimpikie nini?

Mama wa watatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Umefanya jambo la maana kuniandikia namba zote, maana jibu la swali lako limo humo humo. Ipo namba moja umeitaja kwa kupita tu, na ndiyo inayoamua kama mumeo anyimwe kunde na ndizi au asinyimwe: potasiamu 4.6.

Potasiamu ni madini tunayoyapata kwenye chakula, na figo ndizo huitoa ikizidi. Maabara nyingi huihesabu kuwa ya kawaida kuanzia 3.5 mpaka 5.0, nyingine mpaka 5.5. Ya mumeo iko katikati. Orodha aliyotuma wifi yako haikutungwa kwa ubaya, nami nimeiona mara nyingi mikononi mwa wagonjwa, lakini ina watu wake: wale ambao potasiamu yao imeshapanda, wengi wao figo zikiwa zimefika hatua za mwisho au wakiwa tayari wanachujwa damu. Kwao ndizi mbili na parachichi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa wa hatua ya tatu ambaye potasiamu yake haijapanda hana sababu ya kunyimwa mboga za majani, kunde wala matunda. Akinyimwa, anakosa vyakula ambavyo husaidia kushusha hiyo hiyo presha inayomla figo. Kwa hiyo mchicha na kisamvu virudi mezani, na ndizi moja baada ya chakula haina neno. Ila losatani anayomeza ina tabia ya kupandisha potasiamu kidogo kidogo, ndiyo maana kipimo hiki kinatakiwa kurudiwa kila anapoanzishiwa dawa hiyo au anapoongezewa dozi, ndani ya wiki mbili hadi nne, na baadaye kwa ratiba ya daktari. Siku namba ikipanda, tutapunguza. Chakula cha mgonjwa wa figo kinafuata karatasi yake mwenyewe ya maabara, na ya mumeo leo inamruhusu mengi.

Sasa hilo la kreatinini kushuka kutoka 182 hadi 171. Nisingependa uwaamini wifi wala shemeji hapa, kwa sababu hii. Kreatinini ni taka ambayo figo huitoa, ndiyo maana ikishuka watu hufurahi. Hutoka kwenye misuli, na nyingine kidogo hutoka kwenye nyama tunayokula. Mtu akipungua kilo sita kwa kula wali na bamia, sehemu ya alichopoteza ni misuli. Misuli ikipungua, kreatinini inayozalishwa nayo inapungua, halafu hesabu ya eGFR inaonekana imepanda ilhali figo ziko pale pale. Mkono wake kukosa nguvu ya kusukuma randa unaniambia mengi kuliko hiyo tofauti ya namba tatu, 38 na 41. Mumeo ana njaa, mwanangu. Sikulaumu hata kidogo. Ulipewa maneno mawili pale hospitali, ukabaki na orodha ya simu, ukaifuata kwa uaminifu.

Basi tumlishe. Protini hatumnyimi, tunampimia. Kwa mtu wa hatua ya tatu hadi ya tano ambaye hajaanza kuchujwa damu, kipimo kinachopendekezwa ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 70 hizo ni gramu 56. Isomeke jikoni hivi: yai moja la asubuhi lina gramu 6 hivi. Mchana kipande cha samaki kisicho na miiba, ukubwa wa kiganja bila vidole, kama gramu 100 kikiwa kimeiva, kina gramu 22 mpaka 25. Usiku kikombe cha kunde zilizopikwa kina kama 13. Wali wa mchana na ugali wa usiku navyo vina protini, sahani mbili huleta kama 15. Ukijumlisha umeshafika. Siku ya nyama, nyama ikae mahali pa samaki, isiongezwe juu yake. Chai ya maziwa anywe, kikombe kimoja kinatosha. Kinachotakiwa kuepukwa ni ile tabia ya kula nusu kilo ya nyama choma kwa mkao mmoja, na zile poda za protini za wanaojenga misuli. Na wali wake uwe na mafuta kidogo au tui jepesi, apate nguvu ya kufanya kazi, la sivyo mwili utaichoma hiyo protini kama kuni na misuli haitarudi.

Sasa tuje kwenye chumvi, na hapa ningependa tukae kidogo. Kama ningeambiwa nibakize ushauri mmoja tu katika barua hii nzima, ningebakiza huu. Kiwango ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Chukua kijiko cha chai, jaza chumvi, kisawazishe juu kwa kisu. Hiyo ndiyo ya siku nzima kwa mtu mzima mmoja, na ndani yake imo chumvi ambayo hukuitia wewe. Mkate una chumvi. Vipande vinne vinaweza kubeba gramu moja na zaidi. Kile kidonge cha mchuzi tunachokivunjia kwenye sufuria, nusu yake au zaidi kwa kawaida ni chumvi. Papa mkavu, nguru wa chumvi na ng'onda ndiyo usiseme. Magadi unayotia kwenye kunde au kisamvu ili viive haraka ni sodiamu vilevile, ingawa ulimi hauisikii kama chumvi. Loweka kunde na maharage usiku kucha, mwaga maji, pikia maji mapya, utaona magadi hayana kazi. Chipsi za kijiweni zimenyunyiziwa, mishkaki imelala kwenye chumvi tangu asubuhi, na achari ya birimbi huwezi kuitengeneza bila chumvi nyingi. Kwa hiyo ukimpikia mume chakula kisicho na ladha kabisa nyumbani, akaondoka na njaa kwenda kijiweni, amekula chumvi nyingi kuliko ambayo angeila kwenye mchuzi wako wa kawaida.

Ndiyo maana nakuomba uache hizo sufuria mbili. Pika moja, ya wote. Nyie ni sita. Mpimie kila mtu nusu ya hicho kijiko cha chai kwa mapishi ya siku, ile nusu nyingine iachie mkate na vinginevyo. Ni vijiko vitatu kwa mapishi yote ya siku: kimoja na nusu mchana, kimoja na nusu usiku. Watoto wanahitaji hata chini ya hapo. Wali usiutie chumvi kabisa; mchuzi utaubeba. Ugali tangu zamani hatuutii chumvi na hakuna anayelalamika. Ile chumvi ya mchuzi itie mwishoni, sufuria ikiwa inaepuliwa, maana chumvi iliyotiwa mwishoni ulimi unaisikia zaidi.

Halafu fanya ladha itoke kwingine, na watu wa pwani hili hatufundishwi na mtu. Kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, usikikimbize. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa wakati huo huo, siyo vya jana. Bizari nyembamba ikaangwe kavu kwanza, ndipo isagwe. Nyanya moja au mbili, zile freshi. Ya kopo ina potasiamu nyingi na mara nyingi ina chumvi. Kolekole au changu mbichi, tui jepesi, pilipili mbuzi nzima ielee bila kupasuka, na ndimu ukamulie ukishaepua. Ndimu inadanganya ulimi vizuri sana mahali pa chumvi. Wiki ya kwanza watanung'unika. Ulimi huzoea, baada ya wiki chache chakula cha zamani ndicho kitakachowakera. Ukiona dukani chumvi mbadala inayosifiwa kuwa ni ya watu wa presha, kwa mumeo usiinunue: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mtu anayemeza losatani zinaweza kumletea balaa tuliloliepuka.

Kuhusu diklofenaki nitasema kwa ukali kwa kuwa nakupenda. Aache leo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mtu mwenye figo nzima anaweza asione kitu, lakini kwa figo iliyobaki na nguvu ya 40, pamoja na losatani, ni kuisukuma chini. Sindano yake ni vilevile. Mgongo wa seremala unauma kweli, siyo wa kupuuzwa: atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, akandwe kwa maji moto, apandishe meza ya kazi asiiname siku nzima, na kama hospitali yenu ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo aende. Kila akiingia duka la dawa aseme neno hili kabla ya lolote: nina ugonjwa wa figo. Alizoee kama anavyotaja jina lake.

Unga wa shemeji nao usimame. Simtuhumu shemeji yako, ndugu akiugua kila mmoja hutafuta anachoweza kukileta. Ila figo ndizo zinazopitisha karibu kila tunachomeza, na unga usiojulikana una nini, kwa kiasi gani, hatuwezi kumpa mtu mwenye figo dhaifu. Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake wengi waliharibikiwa figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Ndani yake mlikuwa na mmea wenye sumu ya figo, na waliokuwa wakivimeza walidhani ni dawa ya asili isiyo na madhara. Mweleze daktari kwamba mumeo ameshautumia wiki mbili. Usifiche. Anahitaji kujua ili asome vipimo vijavyo vizuri.

Maji lita tano, hapana. Figo hazioshwi kwa maji mengi namna unavyosuuza dumu, na mtu ambaye miguu inamvimba ukimjaza lita tano unampeleka kwenye kukosa pumzi. Anywe kwa kiu yake, na kwa joto la Tanga na kazi ya karakana asikae na kiu. Kama daktari amempa kipimo maalumu, kipimo hicho ndicho. Dafu siyo mwiko kwake leo, ila siyo dawa ya kila asubuhi: dafu moja lililojaa hukaribia potasiamu ya ndizi mbili mbivu, na ukilinywa kila siku unaishi kwa kubahatisha.

Birimbi nimeiona kwenye barua yako na sikutaka kuipita. Tunda hili lina asidi ya okzaliki kwa wingi, ambayo ikizidi mwilini hujigandisha ndani ya figo. Kerala, India, madaktari waliandika habari za watu waliokunywa juisi nzito ya birimbi ili kushusha mafuta mwilini, figo zikasimama ghafla. Kipande kidogo cha achari siyo glasi ya juisi, lakini kwa mumeo chumvi yake peke yake inatosha kuikataza. Ndugu yake birimbi ni hatari zaidi: lile tunda la njano lenye mbavu tano, ukilikata linatoa umbo la nyota. Lina sumu ya ubongo ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu hushindwa. Huanza kwa kwikwi isiyokoma, kisha mtu anachanganyikiwa, wengine hufikia degedege. Hilo asiliguse hata kipande.

Soda nyeusi aache pia, pamoja na soseji na nyama za kopo. Zina fosforasi ya kutiwa kiwandani ambayo mwili huifyonza karibu yote, tofauti na iliyomo kwenye kunde, ambayo sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Sigara kama anavuta, aache. Atembee nusu saa siku tano za wiki. Akirudi kazini kwa miguu ameshamaliza.

Haya, presha. 158 kwa 96 ni nyingi mno. Wengi kwa ugonjwa huu tunalenga chini ya 130 kwa 80 kama mtu anaivumilia. Nataka mumeo ajue kwamba vidonge vya presha humezwa kila siku kichwa kikiuma na kisipouma, maana presha kwa wengi haina dalili, na losatani ina kazi ya pili: inapunguza ile protini inayovuja kwenye mkojo. Hizo alama mbili za kujumlisha ndizo zinazonisumbua kuliko kitu kingine kwenye karatasi yake. Mkirudi, omba apimwe kiasi cha albumini, ndiyo protini inayovuja, kwenye mkojo, kwa namba kamili, siyo kwa alama. Omba pia potasiamu irudiwe, na wingi wa damu, kwa sababu figo zikichoka damu hupungua na huenda uchovu wake una mkono humo. Mweleze daktari kwamba miguu inavimba jioni. Wakati mwingine amlodipini nayo huvimbisha vifundo vya miguu, yeye ataamua. Muulize kama mumeo anafaa kupewa dapaglifrozini au empaglifrozini. Zilianza kama dawa za kisukari, lakini leo hutumika kulinda figo hata kwa asiye na sukari, hasa mwenye protini kwenye mkojo. Yaandike maswali haya kwenye karatasi kabla hujafika, foleni iwe ndefu namna gani. Na uombe kuonana na afisa lishe, ni haki yenu.

Kuhusu Ramadhani. Siku akifunga hanywi maji kuanzia alfajiri mpaka magharibi, anatoka jasho karakanani, na figo zenye nguvu ya 40 zinaachiwa mzigo huo mwezi mzima. Presha yake haijatulia. Kwa hali aliyo nayo leo, mimi namshauri asifunge mwaka huu mpaka daktari aliyeona vipimo vipya amruhusu kwa maneno yake mwenyewe. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimemwekea mgonjwa nafasi waziwazi: siku nyingine kwa anayetarajia kupona, fidia ya kulisha maskini kwa asiyeweza. Aende kwa shehe wake na karatasi ya hospitali mkononi, naamini hatarudi na kinyongo. Na hata asipofunga atakaa na nyie futari, na futari yetu ya pwani ni potasiamu juu ya potasiamu: mihogo ya nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi, tende, juisi ya parachichi. Kwa jioni moja achague kimoja. Mihogo na viazi menya, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, ndipo utie tui. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka na maji. Tende moja au mbili zinatosha kufungulia.

Sasa mkweo. Usimwone adui. Mama aliyemlisha mwanawe miaka hamsini anaona leo anapewa bamia tupu na anakonda, angenyamaza vipi? Mpe heshima yake kwa kumwingiza ndani ya jambo. Safari ijayo ya hospitali mchukueni, asikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari, maana maneno ya daktari hayana ukwe. Huenda hata yeye akapimwa presha hapo hapo. Kisha mkabidhi mchuzi: mwambie, mama, hivi ndivyo vijiko vya chumvi tulivyoambiwa, wewe ndiye unayejua viungo, tufanyie kitamu. Akishaona mwanawe anamaliza sahani na shavu linarudi, mkono wake hautakwenda tena kwenye kopo la chumvi.

Na mumeo usimfanye mshtakiwa wa chipsi. Mwanamume aliyezoea kubeba mbao, leo anaambiwa mkono hauna nguvu, mkewe anamhesabia matonge, majirani wanamzungumzia kana kwamba ameshakufa; hasira yake ni hofu. Mweleze ukweli huu mkiwa wawili: hatua ya tatu b siyo kuchujwa damu. Kuchujwa damu huzungumziwa nguvu ya figo ikishuka chini ya 15 hivi na dalili zikamzidi mtu, na wengi wa hatua ya tatu hawafiki huko wakidhibiti presha na kuacha dawa zinazoumiza figo. Hata wanaofika huko wana njia kuliko zamani: Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Mwambie umeshakosa usingizi ukimpikia, na sasa mtakula sufuria moja.

Kuna mambo ya kutosubiri tarehe ya kliniki. Akikosa pumzi akilala chali, mkojo ukipungua ghafla, uso ukivimba asubuhi, moyo ukienda ovyo au miguu ikilegea bila sababu, kutapika kusikokoma au kuchanganyikiwa, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na akiharisha au kutapika sana, mpigieni daktari kuuliza kama losatani isimamishwe kwa muda mpaka arudi kula na kunywa. Mwili ukiishiwa maji, dawa hiyo nzuri inaweza kugeuka mzigo kwa figo.

Anza leo usiku: kunde zilizolowekwa bila magadi, kisamvu, ugali, na samaki kesho mchana. Wiki ijayo mpime uzito. Majibu mapya yakitoka niandikie ile namba ya potasiamu na ile ya albumini, tujue kama kuna cha kupunguza kwenye sahani yake.